Viatu vya breki za nyuma: vipya, vya kubandikwa au vya mtumba, na nani afungue drami

Breki za nyuma za gari la zamani husahaulika kirahisi. Za mbele ndizo zenye kelele, na ndizo zinazobeba kazi kubwa, kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari huinamia mbele. Za nyuma hujificha ndani ya drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, na kulika kimya kimya kwa miaka, mpaka siku unapoegesha kwenye mteremko, unavuta hendibreki hadi mwisho, na gari linaendelea kuteleza.

Mimi nina Corolla 110 ya mwaka 1998 ninayoiendesha Dar es Salaam. Mbele ina diski, nyuma ina drami. Ninayoyasema hapa yanahusu gari la namna hiyo na ndugu zake waliojaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Raum, Probox, Spacio na wengine wenye drami nyuma. Anayetaka kubadilisha breki hizi ana maamuzi mawili mbele yake. La kwanza ni viatu gani anunue, au shuu kama wanavyosema mafundi: vile vipande vilivyopinda vinavyobana ukuta wa ndani wa drami. La pili ni nani afungue drami: yeye mwenyewe, fundi akiwa nyumbani kwake, au fundi akiwa gereji. Naamini la pili lina uzito kuliko la kwanza. Lakini dukani utaulizwa la kwanza, basi nianzie hapo.

Viatu vipya

Juu kabisa kwa bei kuna vya kwenye boksi la Toyota. Chini yake kuna vya kampuni zinazotengeneza breki kwa ajili ya viwanda vya magari vya Japani, kama Akebono na Advics. Chini zaidi kuna majina mengi, mengine mazuri, mengine hutayaona tena mwaka ujao. Kwa gari la kawaida la mjini mimi hukaa katikati. Kiatu cha nyuma hakipati moto kama pedi ya mbele, na seti nzuri ya daraja la kati hudumu muda mrefu bila lawama.

Ubora wa kiatu kipya uko kwenye chuma chake, jambo ambalo watu hawaliangalii. Chuma hakina kutu, duara lake halijapinda, na lainingi, lile tabaka la kusugua linalolika, imegundishwa kiwandani kwenye uso safi. Kwetu sisi wa pwani hilo si jambo dogo. Hewa ya chumvi hula kiatu kuanzia chini ya gundi, mahali ambapo jicho halifiki.

Ubaya wake ni feki. Boksi huchapishwa vizuri kuliko kilichomo ndani. Kabla ya kulipa, vitoe vyote vinne uvipange juu ya kaunta. Unene wa lainingi ulingane. Matundu ya springi yawe safi, yasiwe kama yametobolewa kwa haraka. Pitisha ukucha kwenye mshono kati ya lainingi na chuma kuzunguka pande zote. Ukucha ukizama, rudisha. Na usiende dukani ukitaja "ya 110" peke yake, maana gari la jina moja lilitoka na injini na breki tofauti tofauti. Nenda na namba ya chasisi, na ukiweza nenda na kiatu chenyewe cha zamani. Mimi hufungua tairi moja siku moja kabla, nikapiga picha, nikapima, nikarudisha kila kitu mahali pake, ndipo nikaenda kununua.

Jambo lingine ambalo muuzaji hatakukumbusha: kiatu kipya mara nyingi huja bila mkono wa hendibreki. Mkono huo unautoa kwenye kiatu cha nyuma cha zamani na kuuhamishia kwenye kipya, na unashikiliwa na kipini kidogo chenye umbo la herufi C ambacho hupanuliwa kwa bisibisi na kubanwa upya kwa plaizi. Kikishapanuliwa mara mbili hukatika. Kinunue kipya, bei yake ni ndogo mno.

Viatu vya kubandikwa

Huu ndio utaalamu wa zamani wa mitaa yetu ya magari. Ukienda Gerezani hapa Dar, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utawapata watu wanaokwangua lainingi iliyokwisha, wanasafisha chuma, wanapaka gundi, wanabana lainingi mpya na kuipika kwenye tanuri hadi gundi ishike. Kwenye viatu vya lori hawabandiki, wanapiga riveti.

Faida ya kwanza ni bei, lakini siyo ninayoijali. Faida ya kweli ni kwamba unabaki na chuma kilekile kilichotoka na gari lako, kwa hiyo hakuna wasiwasi kama kitaingia. Faida ya pili: kama drami imewahi kuchongwa kwenye mashine na kupanuka kidogo, mbandikaji anaweza kukuwekea lainingi nene zaidi ili ifikie ukuta. Viatu vya dukani haviji na unene wa kuchagua. Na kwa wenye Peugeot 504, Datsun 1200 au Land Rover ya zamani, mara nyingi hakuna njia nyingine. Utazunguka maduka yote ya spea uishie kwa mbandikaji.

Hatari yake ni moja, na ni kubwa. Kama chuma hakikusafishwa mpaka king'ae, gundi inashika kutu badala ya kushika chuma. Siku moja lainingi inabanduka nzima kama ganda la yai, inajikunja ndani ya drami, na tairi linaganda hapohapo ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo nenda mwenyewe, simama pale, uone chuma kikiwa tupu kabla hakijapakwa gundi. Uliza kama wanapika au wanabana tu na kuacha hadi jioni. Mimi wa kubana tu simpi kazi. Na pande zote mbili zibandikwe siku moja, kwa lainingi ya aina moja, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila ukikanyaga.

Kuna usumbufu mwingine ambao mtu anayefanya nyumbani aujue mapema: viatu vikiwa kwa mbandikaji, gari liko juu ya stendi. Ukiahidiwa saa kumi ukapata kesho yake, gari litalala hivyo hivyo.

Viatu vya mtumba

Vinatoka kwenye magari yaliyokatwa, na muuzaji atakuonyesha lainingi bado ni nene. Unene hausemi kama kiatu kiliwahi kuungua hadi uso ukawa kama kioo, wala kama kiliwahi kunywa mafuta ya breki. Lainingi iliyonyonya mafuta haisafishiki, hata ukiisugua kwa msasa na petroli. Moto ukipanda mafuta yanatoka tena. Sinunui.

Drami ya mtumba ni habari nyingine, hiyo nanunua. Kikomo chake kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ya Corolla kama yangu ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 200, na kikomo ni 201. Ipimwe kwa kalipa ya kupimia kabla hujalipa. Ikiwa na milimita 200 na nusu, bila mifereji mirefu, chukua.

Nani afungue

Miaka michache iliyopita nilipeleka gari kwa fundi, si haja ya kumtaja. Nikakaa kibandani nikinywa chai. Baada ya muda nikaitwa: "Bosi, viatu vilikuwa vimekwisha, tumeweka vipya, jaribu." Breki zilishika vizuri na nikaondoka nimefurahi. Haukupita muda mrefu gari likaanza kuvuta kulia, na upande wa ndani wa tairi la nyuma kushoto pakawa na unyevu. Nilipofungua mwenyewe safari ile, viatu vilivyokuwa bado vipya vilikuwa vimelowa. Silinda ya tairi, ile inayosukuma viatu kwa mafuta ya breki, ilikuwa inavuja, na kwa kutu niliyoikuta ndani yake, ilikuwa inavuja tangu siku ile nilipokuwa nikinywa chai. Viatu vya zamani havikuwa tatizo pekee mle ndani. Hakuna aliyefunua raba ya silinda kuangalia.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa pili ni mzito kuliko wa kwanza. Viatu bora kabisa vikiwekwa chini ya silinda inayovuja ni hela iliyotupwa, na breki ambayo siku moja haitakusikiliza.

Sasa tulinganishe. Gereji ina jeki ya maana, ina kompresa, ina mtu aliyefungua drami mamia. Kazi yenyewe itaisha kwa saa moja hivi. Kinachokosekana ni macho yako. Fundi ana magari mengine matatu yanamsubiri, na hana sababu ya kutafuta tatizo ambalo hukumwambia.

Nyumbani una macho na una muda. Mara ya kwanza tenga nusu siku nzima na usiwe na safari jioni. Lakini usifanye nyumbani kwa sababu ya kuokoa ujira tu, maana ujira wa kubadilisha viatu haujawahi kumfilisi mtu, na utanunua spana, stendi na plaizi ambazo zitauzidi. Fanya kwa sababu unataka kuona.

Na usifanye nyumbani kabisa kama huna sakafu ngumu iliyo sawa. Uani kwenye mchanga, jeki huzama upande mmoja taratibu bila wewe kujua. Usitumie tofali la saruji badala ya stendi. Hubeba, hubeba, kisha hupasuka ghafla. Kama stendi huna, kazi hii iache.

Njia ya tatu ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza: mwite fundi nyumbani. Viatu umenunua wewe, umevikagua wewe. Yeye anafungua, wewe umeshika tochi. Ukimwambia, "Fundi, kabla hatujaendelea tufunue raba ya silinda tuone," atafunua, na pengine atakuonyesha mengine ambayo hukuyajua. Fundi mzuri hufurahi kuangaliwa na mtu anayeuliza kwa adabu. Mara ya pili utafungua mwenyewe naye akiangalia, na ya tatu utakuwa peke yako.

Yanayowakwamisha wanaofanya peke yao

Hendibreki lazima iachiwe, vinginevyo drami haitoki. Kwa hiyo kinachozuia gari ni gia pamoja na mawe au vigingi vya mbao kwenye tairi za mbele, mbele na nyuma. Kwa Corolla na wenzake wanaovuta mbele, otomatiki ikiwa kwenye P hushika tairi za mbele, nayo inasaidia, lakini vigingi usiviache. Nati za tairi zilegezwe gari likiwa bado chini. Na watoto wa uani hupenda kupanda gari lililoinuliwa: funga milango, funguo ziwe mfukoni mwako. Siyo kwa ajili ya stendi tu. Drami ikiwa imetoka, mtoto akikanyaga pedeli, pistoni za silinda zinaruka nje na mafuta yanamwagika.

Drami iliyokwama usiipige nyundo ukingoni, itapasuka. Itazame usoni: ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Chukua boliti mbili za milimita 8, zile za kufunguliwa kwa spana namba 12, zikaze kwa zamu, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko pale, na drami itajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu, kitovu cha tairi. Ikitoka kidogo halafu ikagoma, viatu vimenasa kwenye ukingo uliochongeka ndani. Nyuma ya bati linalobeba viatu kuna tundu limezibwa kwa raba. Ingiza bisibisi, rudisha ajasta, ile skrubu inayotanua viatu, hatua kadhaa, viatu vitasogea ndani.

Fungua upande mmoja tu kwanza. Upande wa pili ubaki mzima uwe kielelezo chako, maana springi zikisharuka, kumbukumbu nayo huruka. Picha za simu zisaidie, lakini picha haionyeshi springi ipi iko mbele ya ipi kama upande wa pili unavyokuonyesha. Ajasta za kulia na kushoto zinafanana kwa macho ila nyuzi zao zinapingana. Ukizibadilisha, badala ya kujirefusha kadiri viatu vinavyolika, zitajilegeza, na baada ya wiki pedeli itakuwa inazama.

Vumbi la mle ndani usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Japani ilikataza lainingi zenye asbesto mwaka 2004, na magari yetu mengi ni ya kabla ya hapo; viatu visivyojulikana vilikotoka ndiyo kabisa. Asbesto ikivutwa husababisha saratani ya mapafu. Mwagia maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe kitambaa.

Grisi ni kidogo sana, kwenye zile sehemu chache ambapo kiatu kinasuguana na bati la nyuma, na kwenye nyuzi za ajasta. Isiguse lainingi. Vidole vyenye grisi visishike uso wa kiatu.

Silinda: raba peke yake au nzima

Hapa ndipo ubishi wa mafundi ulipo, na ni ubishi wa haki. Ukifunua raba ya vumbi kwa bisibisi ukakuta unyevunyevu mwembamba tu, silinda bado ni nzima. Ukikuta tone, inavuja.

Unaweza kununua raba za ndani peke yake na kubadilisha. Ni rahisi kwa bei, na kwa gari lililoishi Dodoma au Arusha mara nyingi inatosha, kama ukuta wa silinda bado unang'aa. Lakini kwa gari la Dar, Tanga au Mombasa mimi huangalia ukuta huo kwa tochi kwanza. Ukiwa na vidoti vyeusi vya kutu ambavyo ukucha unavihisi, raba mpya itakwaruzwa na utarudi palepale. Hapo nunua silinda nzima, tena pande zote mbili. Kabla hujaamua, jaribu nati ya paipu ya breki na nipeli, ile boliti ndogo yenye tundu ya kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta. Zikiwa zimeganda kwa kutu usizilazimishe. Paipu ikijisokota na kukatika, gari halitembei tena mpaka upate paipu mpya, na hapo nyumbani si mahali pake. Mwite fundi mwenye spana ya paipu.

Ukifungua silinda lazima utoe upepo, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua na kufunga nipeli, huku kichupa cha mafuta kikiongezwa kisikauke. Kama ulibadilisha viatu tu bila kugusa silinda, upepo haukuingia, huna haja ya kutoa.

Mafuta ya breki fuata daraja lililoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika bila madhara kwa mfumo; DOT 5 ni silikoni, isiingie kabisa. Na kopo lililofunguliwa tangu mwaka jana usilitumie. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani: DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakidondokea rangi ya gari yaoshe kwa maji mara moja, yanaibandua.

Kama nyuma una diski

Wenye Mark II na magari mengine ya diski nyuma, pedi ni rahisi kuliko viatu, na nyumbani ni mahali pazuri pa kuzibadilisha. Tahadhari moja tu: kuna magari ambayo hendibreki iko kwenye viatu vidogo ndani ya diski, na mengine ambayo hendibreki inavuta kalipa yenyewe, ile inayobana pedi. Kwenye hayo ya pili pistoni hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa kuzungushwa. Ukiilazimisha kwa jeki au klampu utaiua kalipa nzima.

Nilichofanya mimi

Baada ya hasara ile nilinunua viatu vipya vya daraja la kati, silinda mbili nzima, springi mpya na vile vipini vya herufi C. Nilimwita fundi nyumbani Jumamosi asubuhi. Upande wa kushoto alifanya yeye, wa kulia nikafanya mimi akiangalia. Tulirudisha ajasta mpaka drami ikawa inaingia ikigusa viatu kidogo tu, tukatoa upepo, tukavuta hendibreki, ikashika kwenye mlio wa sita wa mkono wake. Tulianza kwa kusukuma gari kwa mkono na kukanyaga, kisha mwendo wa mtu anayetembea mtaani, ndipo barabarani. Kesho yake nilikwenda nalo Kibaha na kurudi. Nilipofika nyumbani nikakaribisha kiganja kwenye rimu ya kushoto, nikahamia ya kulia. Joto lilikuwa sawa pande zote mbili.